Umeme wa upepo nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wa Singida, Makambako, Mufindi na Njombe, na ng'ambo ya mpaka na watu wa Kajiado, Ngong na Marsabit. Ni sehemu ambazo upepo unamfanya mtu ashike kofia na kujiuliza kwa nini bado ananunua mafuta ya jenereta. Hapa tunazungumzia mtambo mdogo wa nyumba moja: mapanga yenye kipenyo cha mita moja hadi tano, mnara, betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi). Mashamba makubwa ya upepo, kama lile la Ziwa Turkana lenye mitambo 365, ni biashara nyingine kabisa.

Nitajuaje kama kwangu kuna upepo wa kutosha?

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya mtambo. Anza na upepo, maana mtambo bora uliowekwa mahali pasipo na upepo ni pambo la uwanjani.

Macho peke yake yanakupa makadirio ya kwanza. Ukihisi upepo usoni na majani yanachakarika tu, hiyo ni kama mita 2 au 3 kwa sekunde. Vijitawi vikicheza bila kutulia na bendera nyepesi ikanyooka, umefika mita 3.5 hadi 5. Vumbi likinyanyuka na karatasi zikaruka barabarani, upo kati ya 5.5 na 8. Angalia pia miti iliyosimama peke yake kilimani. Ukikuta yote imelala upande mmoja, na matawi ya upande wa pili ni mafupi, upepo umekuwa ukipiga hapo miaka na miaka.

Baada ya macho, ingia kwenye ramani ya dunia ya upepo iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark pamoja na Benki ya Dunia. Haina malipo, inafunguka hata kwenye simu, na unaweza kubonyeza kijiji chako ukaona wastani wa kasi kwa mwaka. Usisome kasi ya urefu wa mita 100 ukashangilia. Mnara wako hautafika huko. Soma ile ya mita 10, halafu kumbuka kuwa ramani haioni mwembe wa jirani.

Kama fedha unayotaka kutumia ni nyingi, weka kipima upepo cha vikombe vitatu kwenye nguzo, urefu uleule wa mnara unaoufikiria, ukiache kirekodi walau msimu wa upepo na msimu wa utulivu. Wastani wa mwaka ukiwa mita 5 au zaidi, endelea bila hofu. Ukiwa kati ya 4 na 5, piga hesabu mara mbili. Chini ya 4, nunua sola.

Kwa nini mnang'ang'ania kasi namna hiyo? Si upepo ni upepo tu?

Kwa sababu nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kununua mtambo uleule, mmoja akawasha friji na mwingine akashindwa hata na taa.

Chukua mtambo wenye mapanga ya kipenyo cha mita 2.4, saizi ya kawaida kwa nyumba. Mahali penye wastani wa mita 3 kwa sekunde utakupa kati ya nusu na robo tatu ya uniti (uniti moja ni wati-saa 1,000) kwa siku. Penye mita 4, kama uniti moja na nusu. Penye mita 5, karibu uniti tatu. Mtambo haukubadilika, wala fundi.

Tofauti hiyo ya mita moja au mbili ndiyo unayoipoteza ukifupisha mnara au ukiuweka nyuma ya miti.

Nimeona mtandaoni mtambo wa wati 3,000 kwa bei ya simu. Ninunue?

Hapana. Na huna haja ya kuwa mhandisi kujua kwa nini.

Uliza kipenyo cha mapanga. Mingi ya aina hiyo ina kama mita 1.2. Upepo mkali wa mita 12 kwa sekunde ukipita kwenye duara la ukubwa huo unabeba takribani wati 1,200, zote kwa ujumla. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita Mjerumani Albert Betz alikokotoa kuwa hakuna mapanga yanayoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu iliyomo, kwa sababu lazima hewa ibaki na mwendo wa kuondokea. Kwa hiyo hata mtambo wa miujiza hauvuki wati 700 hapo. Ule wa kweli utatoa 300 au 400, tena katika upepo ambao kwako huenda unavuma kwa saa chache tu kwa mwezi. Wati 3,000 ziko kwenye karatasi la boksi.

Hata wauzaji waaminifu huandika wati za mtambo zinazopatikana kwenye kasi ya mita 11 au 12. Mtambo ulioandikwa kilowati moja kwa mita 12 utatoa chini ya wati 40 upepo ukiwa mita 4, maana nguvu imeshuka mara 27. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: kwa wastani wa mita 5, unatoa uniti ngapi kwa mwezi? Akianza kujiumauma, funga pochi.

Nyumba yangu inahitaji umeme kiasi gani?

Taa tano za LED za wati 7, kwa saa tano, ni wati-saa 175. Runinga ndogo ya wati 40 kwa saa tano, 200. Simu nne na redio, kama 80. Friji ndogo inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, tuseme 500. Jumla hapo haifiki uniti moja kwa siku, na ni maisha mazuri kabisa kijijini.

Pasi, birika na hita ya maji ya kuoga ndivyo vinavyoharibu mahesabu. Birika la wati 2,000 kwa nusu saa limekula uniti nzima. Jiko la umeme tusilijadili. Anayetaka kupika kwa upepo wa nyumbani anahitaji mtambo mkubwa, betri nyingi, na pengine mfuko wa mtu mwingine. Pikia gesi.

Mnara uwe na urefu gani?

Mrefu kuliko unavyotaka kulipia.

Kanuni inayotumika kote ni hii: ncha ya chini ya mapanga iwe juu kwa mita 9 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 150, iwe nyumba, mti au tangi la maji. Mwembe wa mita 8 jirani yako unamaanisha mnara wa mita 18 hivi. Na miti hukua. Anayepanda mikaratusi leo upande wa upepo atakuwa amekuibia umeme baada ya miaka mitano, hata kama ni shemeji yako.

Kuna sababu mbili. Upepo wa chini unakwaruzwa na ardhi na vichaka, kwa hiyo ni wa polepole. Kwenye uwanda ulio wazi, kutoka mita 6 kwenda mita 18, kasi huongezeka kwa takribani asilimia 17 na nguvu kwa asilimia 60. Huwezi kununua asilimia 60 kwa kubadilisha mapanga. Pili, nyuma ya nyumba au mti upepo unavurugika, na vurugu hizo zinafika mbali: hadi mara ishirini ya urefu wa kizuizi kuelekea upande upepo unakokwenda, na juu yake hadi mara mbili ya urefu huo. Upepo wa vurugu hauzalishi kitu, ila unaulazimisha mtambo kugeukageuka mpaka beringi na mapanga vinachoka.

Kwa nini nisiuweke juu ya paa? Nyumba yangu iko kilimani.

Kilima ni kizuri. Paa ni baya.

Upepo unaopiga ukuta hupanda na kuvurugika juu ya paa, palepale ulipotaka kuweka mapanga. Halafu kuna mtikisiko. Mtambo unaozunguka hutetemesha kila kilichoushika, na nyumba ya bati inapokea mtetemo huo ikaukuza. Usiku wa kwanza wa upepo familia yote italala macho. Misumari italegea, na masika yakija utajua bati gani lilihama. Weka mnara uwanjani, mbali na nyumba walau kwa urefu wake wote na ziada kidogo, ili siku ukianguka usianguke juu ya mtu. Kipimo hichohicho kitumie kwa nyaya za TANESCO au Kenya Power na kwa njia ya watoto wa shule.

Mnara wenyewe unajengwaje?

Kwa nyumbani, aina inayofaa ni bomba la chuma linaloshikwa na nyaya za stei na kulalia kwenye bawaba chini. Unalilaza, unafunga mtambo ukiwa umesimama ardhini, unaliinua. Ukitaka kubadilisha beringi, unalilaza tena. Hakuna anayepanda.

Nyaya za stei ziwe nne kila ngazi, zishuke kwenye nanga nne za zege, umbali kutoka kitako usiopungua nusu ya urefu wa mnara. Nanga mbili za pembeni lazima ziwe kwenye mstari mmoja na bawaba, na kimo kilekile. Zikipishana, nyaya zitakaza au kulegea wakati mnara uko katikati ya safari, na hapo ndipo mabomba hupinda. Zege ipewe muda wa kukomaa, wiki tatu au nne, hata kama mtambo umeshafika na watoto wanauliza.

Kuinua kunafanywa kwa bomba la pili lililosimama wima kwenye kitako, linalotumika kama mkono wa kuvutia, pamoja na winchi au chenibloku. Usivute kwa gari. Dereva haoni juu, na mguu wake hauna kipimo. Fanyeni asubuhi kabla upepo haujaamka, mtu mmoja tu atoe amri, na asiwepo yeyote chini ya bomba. Kabla ya kuinua, unganisha pamoja nyaya tatu za umeme za mtambo ili usizunguke. Mapanga ya mita 2.4 yakizunguka kwa kasi hayaonekani vizuri kwa macho, na hukata.

Kontrola ya sola niliyonayo, ile inayosimamia uchaji wa betri, inafaa?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloua mitambo mingi kuliko radi.

Paneli ya sola haidhuriki ukiikatia betri. Betri ikijaa, kontrola ya sola inakata na paneli inatulia juani. Mtambo wa upepo ni kinyume. Umeme unaouchukua ndio breki yake. Ukiukatia mzigo wakati upepo unavuma, mapanga yanabaki huru, kasi inapanda, volti zinapanda, na ndani ya muda mfupi kontrola imeungua au panga limeruka shambani.

Kwa hiyo mtambo wa upepo unatumia kontrola yake, ambayo betri zikijaa haikati bali inaupeleka umeme wa ziada kwenye mzigo wa kumwagia: koili za kupasha moto, zilizofungwa mahali penye hewa, mbali na makuti na magodoro. Baadhi ya watu hupashia maji ya kuoga kwa umeme huo. Ni wazo zuri ikiwa tangi halikauki. Mzigo huo uweze kumeza nguvu yote ya mtambo, si nusu yake.

Weka pia swichi ya breki inayounganisha nyaya tatu kwa pamoja, mahali unapoifikia ukiwa umevaa kanga usiku. Ukiona mawingu mabaya yanakuja, funga mapema. Kuibonyeza wakati mtambo tayari unakimbia sana kunaweza kuunguza koili zake.

Upepo wa dhoruba je?

Mtambo mzuri hujilinda wenyewe. Mapanga yamewekwa pembeni kidogo ya mhimili wa mnara, na mkia umefungwa kwa bawaba iliyolala. Upepo ukizidi, mapanga yanasukumwa kando na mkia unajikunja, mtambo unaukwepa upepo kwa ubavu. Upepo ukipungua, uzito wa mkia unaurudisha. Hauna kompyuta wala springi ya kukatika. Mtambo usio na njia yoyote ya kujikunja au kujifunga breki, usiupandishe.

Nitumie volti 12, 24 au 48?

Mnara mara nyingi uko mbali na nyumba, kwa hiyo waya ni mrefu. Wati 480 kwenye volti 12 ni ampia 40, kwenye volti 48 ni ampia 10. Kwa waya uleule, upotevu wa kwanza ni mara kumi na sita ya wa pili. Volti 12 ziachie redio na gari. Kwa nyumba chukua 24, na waya ukizidi mita 40 au 50 nenda 48.

Betri ngapi?

Za kutosha siku mbili au tatu bila upepo. Betri za risasi na asidi usizishushe chini ya nusu, la sivyo hazikufikishi mbali. Kwa hiyo volti 24 za ampia-saa 200, ambazo kwa karatasi ni uniti 4.8, hesabu 2.4 tu. Za lithiamu unaweza kuzitumia hadi asilimia 80 na zinadumu zaidi, ila bei yake uiangalie ukiwa umekaa. Hakikisha kontrola ya upepo imepangwa kwa aina ya betri uliyonunua.

Sola si bora kuliko hangaiko lote hili?

Kwa nyumba nyingi, ndiyo. Nafunga mitambo ya upepo na bado nasema hivyo.

Paneli moja ya wati 400 katika sehemu nyingi za Tanzania itakupa kama uniti moja na nusu kwa siku ya jua. Ni sawa na ule mtambo wa mita 2.4 mahali penye mita 4 kwa sekunde, bila mnara, bila beringi, bila zege. Upepo unastahili gharama yake pale unapovuma wakati jua halipo. Nyanda za juu, siku za kipupwe zenye ukungu na manyunyu, paneli zinasinzia huku upepo ukipiga. Usiku pia. Ndiyo maana mfumo wa mchanganyiko, paneli mbili au tatu na mtambo mmoja kwenye betri zilezile, kila kimoja na kontrola yake, unahitaji betri chache kuliko upepo peke yake.

Watu wa pwani wanalijua hili bila ramani. Kusi na kaskazi vina miezi yake, na katikati yake kuna maleleji, upepo haujui unakotaka kwenda. Anayetegemea mtambo peke yake atakaa gizani majira hayo. Huko pwani ongeza tatizo la chumvi: kila kipande cha chuma kiwe kimechovywa kwenye zinki, si kupakwa rangi ya fedha tu, na sumaku za ndani ziwe zimefunikwa kabisa kwa rezini. Sumaku hizo za neodimiamu zikipata unyevu huvimba kwa kutu na kukwangua koili.

Je, naweza kujitengenezea?

Unaweza, kama una mashine ya kuchomelea, subira, na mtu wa kukuangalia. Kijana wa Malawi, William Kamkwamba, aliunda wa kwanza wake kwa fremu ya baiskeli, dainamo na mabomba ya plastiki, ukawasha taa nyumbani kwao. Ule ulikuwa wa taa chache. Wa friji unahitaji sumaku zenye nguvu, koili za waya wa shaba uliozungushwa kwa kipimo, na mapanga yaliyochongwa kwa mbao nyepesi isiyo na vifundo. Paini ya Sao Hill inafaa, ukichagua ubao ulionyooka na kukauka vizuri. Mvule na mninga ni mizito mno. Mapanga yote matatu yawe na uzito sawa, maana tofauti ndogo tu itautikisa mnara mzima.

Sumaku hizo zishikwe moja moja. Zikikutana na kidole katikati, kidole ndicho kinachoshindwa.

Nikiwa mlimani, mtambo unafanya kazi vilevile?

Karibu. Hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye mita 1,700 juu ya bahari, kimo cha Makambako, uzito wa hewa umepungua kwa kama asilimia 15 kuliko pwani, na umeme unapungua hivyohivyo. Upepo mkali wa huko unafidia na kubaki.

Kibali kinahitajika?

Kwa kujitumia mwenyewe, Tanzania na Kenya hazidai leseni ya kuzalisha kwa mtambo wa chini ya megawati moja, na wako haufiki hata sehemu ya mia ya hapo. Kuunganisha na gridi ni jambo jingine: usirudishe umeme kwenye waya wa shirika bila idhini yao, fundi wa laini anaweza kufa. Kenya ilitoa mwaka 2024 kanuni za kurudisha ziada kwenye gridi na kufidiwa kwenye bili. Ukiwa karibu na kiwanja cha ndege, waulize mamlaka ya anga kuhusu urefu. Halafu mwone mwenyekiti wa mtaa na majirani kabla ya kuchimba, si baada.

Radi?

Unganisha kila nanga na kitako kwenye fimbo za erthi zilizozama ardhini, na weka vizuizi vya radi kwenye nyaya zinazoingia ndani. Hiyo hupunguza madhara. Radi ikiupiga mnara moja kwa moja, kuna vifaa utavipoteza.

Matunzo yakoje?

Mwezi wa kwanza kaza bolti na nyaya za stei, maana zege na waya vyote hujipanga upya. Baada ya hapo laza mnara mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa upepo. Angalia nyufa kwenye mapanga, hasa ukingo wa mbele unaoliwa na vumbi. Pitisha grisi, shika mapanga na uyatikise kusikia kama beringi imelegea, angalia waya ndani ya bomba kama umejisokota. Katikati ya mwaka masikio yanatosha. Mtambo uliobadilisha sauti unataka kukuambia kitu, funga breki siku hiyohiyo.

Naweza kuvutia maji ya kisima kwa mtambo huuhuu?

Ndiyo, kwa pampu ya umeme, na maji ni njia nafuu ya kuhifadhi upepo: jaza tangi badala ya kuongeza betri. Usichanganye na zile pampu za upepo zenye mapanga mengi, kama Kijito zilizokuwa zikitengenezwa Thika. Zile hazizalishi umeme. Zinasukuma fimbo hadi kisimani moja kwa moja, zinazunguka polepole kwa nguvu nyingi, na huanza kazi kwenye upepo mdogo. Kama shida yako ni maji ya mifugo tu, ulizia hiyo kwanza.